Jani Nililompelekea Mama Glory

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Kisongo aliita vijana wakang'oa masale yote ya mpakani ili ajenge ukuta wa tofali. Walianza kuyakata kwa panga, kisha wakachimba mizizi, na harufu ya yale majani mabichi ikaingia mpaka jikoni nilipokuwa nakaanga vitunguu. Nikazima jiko. Nikatoka nje nikamgombeza mtu wa watu kana kwamba ameng'oa jino langu, na yeye, mgeni wa kutoka Singida asiyejua mambo ya huku, akashangaa: "Dada, si majani tu haya?" Nikarudi ndani. Ningemjibu, ingebidi nianze na mama yangu, na mama yangu si wa kuanziwa mpakani.

Kwa asiyejua, masale, au isale kwa umoja, si majani tu. Sisi Wameru, na Wachaga pia, tunayapanda mipakani na makaburini. Watu wakikosana vibaya, ugomvi ambao samahani ya mdomo haitoshi, mmoja huchuma jani la isale akampelekea mwenzake. Ukishapelekewa isale huwezi kukataa. Ukikataa, balaa ni lako na watoto wako. Hiyo ni nusu ya desturi, na ndiyo nusu niliyoijua nikiwa na miaka tisa. Nusu ya pili nilifundishwa kwa fimbo.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, juu mlimani, kwenye shamba la migomba na kahawa ambalo Mlima Meru uliliangalia kwa nyuma kama mwalimu wa zamu. Baba simjui na sitaki kumjua, tuendelee. Mama alikuwa ameondoka nikiwa na miaka saba kwenda kufanya kazi za ndani katika nchi ya mbali. Aliyempeleka ni Mama Glory, mwanamke wa huku huku mlimani aliyehamia mjini, mtaa wa Kwa Mrombo, akafungua duka la vitenge, na pembeni ya vitenge akawa anatafutia wasichana kazi nje. Alikuja nyumbani na gauni la kung'aa, akala loshoro yetu ya mahindi na maziwa mgando bakuli mbili, akamwambia Bibi kwamba kule maji ya moto yanatoka ukutani. Bibi akamwuliza, "Na mtu akitaka kurudi, anatokea wapi?" Mama Glory akacheka. Leo nikikumbuka kile kicheko natamani ningekuwa mkubwa nimmwagie ile loshoro.

Nchi yenyewe siitaji. Waliokuwa na ndugu kule wanaijua, na wasiokuwa na ndugu waliigeuza timu ya mpira, kama nitakavyosimulia.

Mama alipiga simu kila Jumapili tukitoka ibadani. Alikuwa na Kiswahili cha simu na Kimeru cha simu. Kwa Kiswahili alisema anakula vizuri, watoto wa bosi wanampenda, nchi ina amani na viongozi wake ni watu wazuri. Kisha anateremsha sauti na kuhamia Kimeru, na hapo ndipo maneno ya kweli yanatoka: kwamba bosi amemnyang'anya pasi ya kusafiria tangu siku ya kwanza, kwamba mfanyakazi haruhusiwi hata kuvuka mji bila karatasi ya ruhusa ya mwajiri, kwamba dereva wa jirani alichukuliwa na askari kwa sababu ya jambo alilolisema kinyozini na hajaonekana tena. Mimi nilidhani Kimeru ni lugha ya siri tuliyotungiwa na Mungu kwa ajili ya simu. Nilijisikia fahari sana kuijua.

Halafu mataifa mengine yakaanza kuipiga nchi ile kwa ndege. Redio ilisema wanataka kuikomesha serikali yake inayoonea watu. Sasa, mtoto wa Arusha wa enzi zile ukimwambia mabomu, anajua kitu kimoja tu: yale ya machozi, ya polisi na maandamano kule mjini, ambayo dawa yake ni maji. Kwa hiyo nilipoambiwa Mama yuko kwenye mabomu, nilihuzunika kiasi, kisha nikaenda kucheza. Nilijua atanawa.

Simu zikakatika. Serikali ya kule ilizima mtandao wote, watu wasionyeshe kilichopigwa, na ndege zikaendelea kupiga. Jumapili ya kwanza ilipita kimya, na ya pili pia. Bibi aliacha kuanika kahawa. Mjomba Zakayo, mdogo wake Mama, aliyekuwa na bodaboda Sombetini, mjini, akawa anapanda mlimani kila jioni kuuliza kama simu imelia, na kila jioni anashuka amenuna.

Ile simu ililia mchana wa Jumanne, namba ngeni. Bibi aliiweka sauti kubwa kwa sababu hakuwa anajua kuipunguza.

"Mama, usiniulize maswali, simu si yangu," Mama alisema, kwa Kimeru tangu mwanzo. "Bosi amekimbia na familia yake. Ameniacha nilinde nyumba. Pasi ameenda nayo. Jana wamepiga mtaa wa nyuma, nyumba nne zimelala chini, na askari wamepita wakisema hakuna kilichopigwa, na anayesema kimepigwa ni jasusi. Msichana mwenzangu wamemkamata kwa kupiga picha."

"Toka humo!" Bibi akapiga kelele. "Toka uende popote!"

"Nitoke na nini? Sina karatasi. Nikikaa ndani nitapigwa na wa juu, nikitoka nitakamatwa na wa chini. Yanakuja mabasi ya kutuchukua Waafrika kutupeleka mpakani, Jumanne ijayo, lakini hupandi bila pasi na ruhusa ya bosi. Mwambieni Mama Glory. Ofisi aliyonipeleka inajua bosi alipo. Yeye peke yake ndiye anayeweza kuwasukuma."

Nikaing'ang'ania simu. Nikamwambia, "Mama, nawa uso na maji mengi, usijifikiche." Mama akacheka, na kile kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine, na simu ikakata.  Bibi ndiye aliyenieleza, kwa maneno machache na bila kupunguza, bomu la ndege ni kitu gani. 

Kuanzia hapo nilichukia watu. Nasema ukweli. Kwenye kibanda cha kahawa njia panda, wanaume walikaa na redio wakibishana. Wengine walishangilia ndege kwa sababu walisikia serikali ile ni ya kikatili. Wengine walishangilia serikali kwa sababu imewakabili wakubwa wa dunia. Walipiga meza na kuwekeana ahadi za soda. Hakuna hata mmoja aliyemshangilia mama yangu, na walikuwa wanajua yuko huko. Mjomba alimkunja shati fundi cherehani mmoja aliyesema, "Nyumba ikiungua, panya nao wanaungua, ndiyo vita." Ilibidi watu watatu wamtoe.

Mama Glory alipopigiwa simu alisema mkataba haujaisha, Mama alikuwa mkaidi tangu mwanzo, na yeye hawezi kugombana na ofisi inayompa riziki. Hapo ndipo wazee wa ukoo walipokaa. Walisema yule ni binti wa mlimani, anajua taratibu: amemtoa mtoto wa watu nyumbani kwao na kumwingiza motoni, basi alete isale kwa Bibi kabla ya Jumapili, akiri kosa, na kukiri kwenyewe kutamlazimisha kuitafuta ile karatasi. Asipoleta, atatengwa. Hatakanyaga msiba wala harusi ya mtu wa huku, na wa huku hawatakanyaga kwake, wala dukani kwake. Kwa mtu ambaye wateja wake wote ni wanawake wa Kimeru, hayo hayakuwa maneno madogo. Mjomba alisema mwanamke yule ameanza kuogopa, tungoje tu.

Mimi sikujua tunangoja nini. Nilichokuwa nimekiona kwa macho yangu ni hiki: miezi michache nyuma, jirani yetu alikuwa ameachia ng'ombe wakala mahindi ya Bibi. Bibi akaapa hatasema naye mpaka kaburini. Asubuhi moja yule mzee akaja ameshika isale, na Bibi, ambaye hakuwahi kumsikiliza hata mchungaji, akakaa chini, akapokea lile jani, na hasira yake ikaisha kama uji ulioipuliwa. Jirani aliomba ng'ombe wake waendelee kupita kando ya shamba, akakubaliwa. Kwa akili zangu, basi, isale ni jani la kumfanya mtu mgumu awe laini na kukupa unachotaka. Na mtu mgumu tuliyekuwa naye ni Mama Glory. Nilishangaa jinsi watu wazima walivyo wajinga: masale yamejaa mpakani, na wao wamekaa wanangoja.

Jumamosi Mjomba alikuwa anakwenda Kwa Mrombo kuchukua jibu la mwisho. Nikamlilia anipeleke, nikasema nataka kumwona Glory, tuliyesoma naye chekechea. Jani nilikuwa nimelichuma alfajiri, nimelikunja kwenye daftari la hesabu lisichanike. Tulipofika, Mjomba alikutana na madereva wenzake nje ya soko, wakaanza yale yale ya ndege na serikali, sauti zikapanda. Nikaingia dukani peke yangu.

Mama Glory alikuwa anawapimia kitenge wanawake wawili wa kwetu, mmoja mwimbaji wa kwaya yetu. Nikawaamkia wote, "Shikamooni." Kisha nikatoa jani, nikalishika kwa mikono miwili kama nilivyomwona yule mzee, nikapiga goti.

"Mama Glory, nimekuletea isale. Naomba mama yangu arudi."

Nimewahi kuona nyuso nyingi zikibadilika maishani, lakini ule wa Mama Glory sijauona mwenzake. Kwanza aliogopa. Kisha akawatazama wale wanawake wawili, akatazama mlangoni, na kitu kikatulia machoni pake.

"Nani amekutuma, mwanangu?"

Nilitaka mambo yaonekane makubwa. Nikasema, "Nyumbani."

Akalipokea. Akalinyanyua juu, wale wanawake walione vizuri. "Mmeshuhudia. Nyumbani kwao wameleta isale. Mimi sina kinyongo. Binti yao alitoroka kazi, akanivunjia jina, lakini nimesamehe. Yameisha." Akanipa soda ya machungwa, baridi, chupa nzima.

Nilitoka nikiruka. Mjomba akaitazama ile chupa. "Amekupa kwa nini?"

"Nimempa isale, Mjomba. Amesamehe!"

Sijui kama nilimaliza sentensi. Aliipiga ile chupa ikavunjikia ukutani, akaingia dukani akipiga kelele, na nikamsikia Mama Glory akijibu taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeshinda, "Zakayo, isale hairudishwi. Waulize wazee wako."

Nusu ya pili ya desturi ni hii: anayepeleka isale ndiye aliyekosa. Kulipeleka ni kukiri, na likishapokelewa, hakuna anayedai tena. Bibi alinieleza hayo kwa fimbo ya mti wa kahawa, neno moja fimbo moja, mpaka Mjomba akamshika mkono. "Umemuuza mama yako kwa soda!" Bibi akasema. "Kwa soda, wewe shetani mdogo!" Nimesamehe zile fimbo zamani. Lile neno nimelibeba.

Jumapili wazee walikaa kuanzia ibada ilipokwisha. Mama Glory hakuja. Alituma mashahidi wake wawili, na mwimbaji wa kwaya akasema alichokiona, hakuongeza wala kupunguza. Mzee mmoja akasema jani la mtoto si jani, ni mchezo. Mwingine akasema isale haiulizi umri, na mtoto kasema katumwa na nyumbani. Wakavutana mpaka giza. Jumatatu wakaendelea, wakakumbushana visa vya mababu, wakanywa chai ya Bibi birika tatu, na hakuna aliyethubutu kutamka kwamba Mama Glory atengwe baada ya kupokea isale. Mjomba alirudi dukani kwa Mama Glory kumwomba kama binadamu. Akamjibu, "Nilishasamehe, mnataka nini tena?" Jumanne ikafika. Mabasi yale yakaondoka na wenye karatasi.

Yaliyofuata niliyajua Mama aliporudi, karibu miaka miwili baadaye, akiwa na mfuko wa nailoni na sikio moja lisilosikia. Alifikia kwa Bibi, akakaa ndani naye na Mjomba kwa muda mfupi tu huku mimi nikitumwa kukinga maji mferejini, na niliporudi tayari alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake. Akaenda kuishi Sombetini, kwa Mjomba. Nilipomtembelea nilimsikia akimsimulia mke wa Mjomba. Nyumba ya jirani yake kule ilipigwa, akatoka mbio, akakamatwa kizuizini bila karatasi. Wakamwambia asaini kwamba ametoroka kwa mwajiri na kutumiwa na maadui. Alikataa wiki tatu, na walikuwa na njia zao za kumfanya mtu achoke. Ndipo mtu wa ile ofisi iliyompeleka akaja na simu, na kwenye simu alikuwa Mama Glory, akimwambia kwa Kimeru, saini tu, kwenu wameshaleta isale.

"Nilijiambia, kumbe nyumbani wamekiri kwamba nimekosa," Mama alisema. "Sasa mimi nakataa kwa ajili ya nani? Nikasaini, wakanifunga."

Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimesimama nyuma ya pazia. Nikangoja aniite anipige. Hakuniita. Alinisuka nywele, akanipeleka shule, akanilea kwa upendo ambao sikuustahili, na nikajua, kama watoto wanavyojua mambo, kwamba ameambiwa ni mimi na ameamua kunisamehe kimyakimya. Kwa Bibi alikuwa barafu. Alimwamkia kama anavyomwamkia mzee yeyote njiani, hakula chakula chake, hakulala kwake. Nilidhani anamlaumu kwa kutonichunga. Nikaona anamwonea, lakini sikusema. Ningesema ningelifufua jani langu. Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka, mimi nikikaa likizo mlimani na shule mjini, nikiwapelekea ndizi na salamu baridi.

Bibi alifariki mwaka jana. Wiki mbili baada ya kumzika, nilikwenda Sombetini, nikamkuta Mama anachambua maharage kwenye ungo. Nilikuwa na hasira naye, kwa sababu hakulia makaburini. Nikasema nimalize yote siku moja.

"Mama, ulinisamehe lini lile jani nililompelekea Mama Glory? Maana kama mimi ulinisamehe, Bibi ulishindwa nini?"

"Jani gani?" akasema.

Nikadhani ni sikio lake. Nikarudia kwa sauti. Nikamweleza daftari la hesabu, duka, goti, soda. Mikono yake ikasimama ndani ya maharage.

"Nilimuuliza," alisema. "Siku niliyorudi, kabla sijavua viatu. Nikamwambia, Mama, ni nani aliyepeleka isale? Akasema, 'Ni mimi. Nilichoka, nikaona bora yaishe.' Akanitazama usoni akasema hivyo. Zakayo alikuwa amekaa pale pale, akainamisha kichwa."

Nikakaa chini kando ya ungo.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na nilipomzika?"

"Ishirini na nne."

"Basi muda wote huo ulikuwa na mdomo."

"Nilidhani unajua, Mama. Nilidhani alikuambia."

Akausukuma ungo, maharage yakamwagika, hakuyatazama. "Alipougua aliniita mara tatu. Mara mbili alimtuma Zakayo. Mara ya tatu alimtuma nani?"

Alinituma mimi. Nilishuka kutoka mlimani, nikasimama katika mlango ule ule wa Sombetini, nikasema Bibi anakuita, hali si nzuri. Mama akasema, bila kuinua macho, mwambie kama ana neno na mimi aje yeye. Na mimi nikapanda mlima nikampa Bibi ujumbe ule neno kwa neno. Alikuwa amelala chali, miguu haimbebi tena. Akaniuliza kama nimekula.